Aliyevua Viatu Mlangoni

Darasa zima lilicheka, naye Shangazi akacheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka angeulizwa kulikoni.

Walikuwa wanamcheka Peku. Peku ni mhusika katika riwaya waliyokuwa wakiisoma muhula ule, riwaya ya mgomo wa kiwanda cha pamba. Kila afikapo penye mlango huinama, akavua viatu, akavibana kwapani soli zikiwa nje, kisha akaingia miguu mitupu kama mtoto aliyetumwa kuomba kiberiti kwa jirani. Anavua viatu dukani, anavua kwenye ofisi ya chama, anavua hata kituo cha polisi. Katika sura ya tisa anavua kwenye ofisi ya meneja, anakohoa mara mbili, anasema "kwa ruhusa yako," kisha anawataja wenzake walioupanga mgomo, jina baada ya jina.

"Huyu jamaa alizaliwa msaliti," alisema kijana mmoja waliyemwita Spika, kwa kuwa sauti yake haikuhitaji kipaza. "Mtu anayejivua viatu mwenyewe bila kuambiwa, kumvua utu kuna kazi gani?"

Wakaangua kicheko tena. Chini ya meza, mkono wa Shangazi ulikuwa umeshika ukingo wa kiti kana kwamba chumba kilikuwa kinakwenda mwendo.

Shangazi ni jina alilopewa na wenzake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyepewa ruhusa ya kwenda kusoma, mtu wa miaka arobaini na kitu katikati ya vijana ambao angeweza kuwazaa, na mkoba wake ulikuwa hazina ya darasa: pini, dawa ya kichwa, pipi za tangawizi, sindano yenye uzi tayari. Kitufe kikikatika, "muulizeni Shangazi." Mtu akilia kwa sababu ya mapenzi, "mpelekeni kwa Shangazi." Alizoea. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, watoto walikuwa shule za bweni, na nyumbani alibaki na mama yake mzazi ambaye macho yalikuwa yamefifia. Kusoma riwaya ndiyo ilikuwa starehe yake ya pekee tangu utotoni. Alidhani chuo kitamwongezea starehe ile.

Hakuna aliyejua kwamba alimtambua Peku tangu alipovua viatu kwa mara ya kwanza, mwanzoni kabisa mwa sura ya pili. Siku hiyo, Jumamosi mchana, alikuwa amejinyoosha kitandani na kitabu. Aliposoma namna viatu vilivyobanwa kwapani, soli nje, aliketi. Aliposoma ile "kwa ruhusa yako," alikifunga kitabu, akaenda jikoni, akanywa maji akiwa amesimama. Baba yake alikuwa akimwambia vivyo hivyo alipompokonya kikombe kitupu mkononi ili akioshe: "Kwa ruhusa yako, mama." Yeye akiwa mtoto wa kwenda chekechea.

Tangu siku hiyo baba, aliyekuwa ametulia kaburini miaka mingi, alianza kutembea naye. Alikohoa mara mbili nyuma ya rafu za magazeti ya zamani maktabani, na Shangazi alipozunguka kutazama akakuta feni tu inayotikisa karatasi. Kwenye ngazi za kitivo alisikia nyayo za mtu asiye na viatu zikimfuata kwa adabu, zikisimama aliposimama. Siku moja, mlangoni kwa mhadhiri, alijikuta ameinama, kidole kimeshaingia nyuma ya kisigino cha kiatu chake. Akajiinua upesi na kujifanya anakuna mguu.

Lakini baba kumwandama hakukumtisha kama kile kitabu kilivyoanza kuuandama utoto wake. Alikumbuka watoto wa jirani walivyokuwa wakiitwa nyumbani kila alipokwenda kucheza nao: "Njoo uoge!" saa nne asubuhi. Alikumbuka watu wakimjibu baba salamu kwa kuinua kidevu tu, mdomo umefungwa. Alikumbuka mazishi yake: kaburi lilichimbwa na vibarua wa kukodi kutoka mtaa mwingine, wanaume wa mtaa wao wakiwa wamekaa vibarazani mwao, kila mmoja na gazeti. Wakati ule alijiambia kwamba baba alikuwa mkimya na watu wana maringo. Alikuwa ameishi na maelezo hayo maisha yake yote, na yalimtosha.

Mhadhiri wao, waliyemwita Dakta, alikuwa mwanamume mfupi mpole, asiyependa kusikia mhusika akiitwa mbaya. "Mbaya wa mwaka gani?" alikuwa akiuliza. Kanuni yake ilikuwa moja: hakuna kumhukumu mtu wa kitabuni kabla hujaujua mwaka wake, watu wake walimwogopa nani, walifanya kazi gani, walivaa nini, walinyamazia nini. Kila mwanafunzi alipiga kura apate mhusika mmoja, kisha aende kwenye magazeti ya zamani, na kwa wazee walio hai, akamtafutie mazingira yake na kuyaleta mbele ya darasa. Kazi hiyo Dakta aliiita kumvisha mhusika. Wanafunzi waliudaka msemo huo. Kwenye foleni ya chai utasikia, "Wako umeshamvisha?" na mwingine, "Wangu bado yuko uchi, ndugu yangu, na wasilisho ni Jumatatu."

Kura za vikaratasi zilizungushwa ndani ya kofia ya Spika. Shangazi alichomoa chake, akakikunjua, akasoma: Peku.

"Umepata nani?" Spika alichungulia. "Maskini! Tubadilishane basi, Shangazi. Mimi nimepata mke wa meneja. Anamfaa mtu mzima, anavaa glavu mpaka chooni."

Alikuwa na nafasi. Angeweza kumpa Spika kile kikaratasi, Spika angemfanya Peku kichekesho mbele ya watu kwa nusu saa, mambo yangekwisha. Alikikunja kikaratasi kidogo kidogo.

"Acha tu," alisema. "Nitahangaika naye mwenyewe."

Na hapo hapo akajua anachokitaka. Alitaka kumtoa baba yake ndani ya kile kitabu akiwa msafi.

Alipofika nyumbani mama alikuwa barazani anafumua sweta kuukuu, vidole vikiuvuta uzi na kuuzungusha kuwa donge. Hakuhitaji macho kwa kazi ile.

"Mama, hivi kwa nini baba alikuwa anavua viatu mlangoni?"

"Kwani wewe huvui?"

"Ninavua hapa nyumbani. Yeye alivua hata benki."

Mama alicheka, kicheko chake cha puani. "Hata benki. Siku ya eksirei, hospitali, nesi akamwambia, mzee, tunapiga picha kifua, miguu kaa nayo mwenyewe."

"Alikuwa anaogopa?"

"Anaogopa nini? Ni kiwanda, mwanangu. Viatu vya enzi zile vilikuwa na misumari chini. Kiatu cha msumari kikikwaruza sakafu kinatoa cheche, na mle ndani vumbi la pamba limetanda mpaka kwenye kope. Pamba haiulizi. Ghala moja liliteketea mimi na baba yako tukiwa wachumba. Baada ya hapo, ukikutwa na kiatu ndani, kazi huna. Basi watu wakawa wanaviacha nje, na nje kuna wezi. Siku moja unarudi nyumbani na kimoja. Baba yako akaona heri avibebe kwapani. Soli anaziweka nje zisimchome. Miaka nenda miaka rudi, mwishowe mwili ukazoea. Akiona mlango tu, mkono umeshakwenda kwenye kamba."

Shangazi alihisi kifua kikifunguka. Kumbe! Darasa zima limeona utumwa palipokuwa na moto. Mwandishi mwenyewe ameona utumwa, au ameona ukweli akaugeuza kwa makusudi ili kitabu kipendeze. Jalada la nyuma lilisema aliwahi kuwa karani wa kiwanda cha pamba.

"Mama, pale kiwandani palikuwa na karani aliyekuja kuwa mwandishi wa vitabu?"

"Yule mwembamba mwenye kalamu sikioni? Aliandika vitabu?" Mama aliuachia uzi. "Alikuwa hashiki pamba yule. Alikaa nyuma ya kioo."

Hilo lilimtosha. Kwa siku zilizofuata Shangazi alifanya kazi kama mtu aliyepandwa na homa. Maktabani aliipata habari ya ghala lililoungua, aya mbili tu kwenye gazeti lililogeuka rangi ya chai. Alimpata mzee mmoja fundi viatu, akamweleza misumari ya soli ilivyokuwa ikipangwa. Na kila alichokipata alikiweka juu ya kingine, akajenga: karani aliyekaa nyuma ya kioo hakuelewa viatu, asiyeelewa viatu hakuelewa mtu, asiyeelewa mtu, usaliti wake ameupata wapi? Ameubuni. Alihitaji mtu wa kubeba dhambi ya sura ya tisa, akamtazama yule mtu wa ajabu wa miguu mitupu, akambebesha. Kwa mantiki ile angemshinda Spika, na pengine Dakta mwenyewe. Hata nyayo za nyuma yake zilikuwa zimenyamaza. Alizikumbuka siku moja akiwa ngazini, akageuka kutazama, na moyoni akahisi kitu kama upweke.

Kilibaki kitu kimoja. Alitaka mama aisikie sura ya tisa, acheke kwa puani na aseme, uongo mtupu huu.

Alimsomea Jumapili alasiri, wamekaa kitandani kwa mama, dirisha wazi, mtaani watu wanafua. Mama alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti. Shangazi alisoma Peku alivyotoka nyumbani amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akapita peke yake kwenye uwanja mtupu mbele ya kiwanda, akafika mlango wa meneja, akainama.

"Hakuwa peke yake," mama alisema.

Shangazi aliinua macho.

"Nilimsindikiza mpaka getini. Nilikubeba wewe mgongoni, ulikuwa hujatambaa. Na shati halikuwa jeupe, lilikuwa la bluu. Pasi nilipiga mimi."

Nje mtu aliumwagia mkeka maji, ukatoa mlio.

"Kwa hiyo alikwenda."

"Alikwenda."

"Akasema?"

"Akasema. Wote. Wakachukuliwa, na wawili kati yao hawakurudi."

"Lakini walimtisha. Lazima walimtisha, mama. Labda walimwambia kuhusu sisi, mimi nilikuwa mchanga, labda wangetufukuza kwenye nyumba za kampuni..."

"Unatafuta sababu," mama alisema bila ukali. "Nikikupa sababu utaipeleka darasani kwenu, muipake rangi. Sababu zilikuwepo. Hata wale waliochukuliwa walikuwa nazo, walikuwa na watoto wachanga pia, wakanyamaza. Soma."

"Mama, tuache."

"Soma mpaka mwisho. Nataka nijue karani amemfanya nini mume wangu."

Akasoma. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu anayesomea wengine, iliyonyooka, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kutumia. Katika riwaya hukumu ya Peku haikuchelewa. Kabla juma halijaisha wafanyakazi wanamkuta ndani ya shimo la mbegu za pamba, amezama mpaka kichwa, viatu vyake vimepangwa ukingoni. Hakuna anayejua kama alisukumwa au alijitosa. Kitabu kinasema mbegu zilimfunika taratibu, na uwanja ukawa kimya.

Mama akacheka, na kilikuwa kicheko ambacho Shangazi hajawahi kukisikia kutoka kwake.

"Amemwonea huruma," alisema. "Karani wa watu, kumbe alikuwa na huruma. Amemuua mapema."

Aliinuka akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Pale alisimama na kuongea bila kugeuka.

"Ukisimama mbele ya watoto wa watu, mwanangu, sema yote au usiseme lolote. Nusu nimeishi nayo mimi. Haina raha."

Jumatatu ilipofika Shangazi alisimama mbele ya darasa na karatasi zake. Usiku hakuwa amelala, na asubuhi kwenye kioo cha bafuni aliuona usoni mwake ule mstari wa baba kando ya mdomo, ambao haukuwepo juzi, au ulikuwepo na hakuutazama.

Alianza na moto. Aliwaeleza ghala lilivyoteketea, vumbi la pamba kwenye kope, cheche ya msumari, viatu vilivyoibwa kimoja kimoja. Kwenye hilo la kimoja kimoja walicheka, kicheko cha upole safari hii. Aliona wanavyoinama kuandika. Aliona Dakta ameegemea ukuta, mikono kifuani, uso umemkunjuka kama mtu anayeonja kitu kitamu. Alipomaliza viatu, Spika akanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze aliongea kwa sauti ya kawaida.

"Shangazi, mimi naomba radhi kwa huyu jamaa. Nilimcheka bure. Kwa hiyo unatuambia alisingiziwa, siyo? Mwandishi hakuelewa viatu, akajenga msaliti juu yake?"

Ilikuwa ndiyo hoja yake yote, neno kwa neno, imetoka kinywani mwa mtu mwingine. Darasa lilimtazama likiwa tayari kukubali. Alichohitaji ni kuitikia kwa kichwa. Hakuna ambaye angeumia. Waliokufa walikwisha kufa, karani naye amekufa, na baba angetoka kitabuni akatembea juani kwa mara ya kwanza tangu yeye azaliwe, mtu msafi mwenye tabia ya ajabu. Nyuma yake, karibu na ubao, alisikia miguu mitupu ikisogea na kusimama. Alijua kwamba hawezi kugeuka. Alijua pia kwamba baba anangoja aone atasema nini, kama alivyongoja maisha yake yote kuona nani atamsemesha.

"Hapana," alisema. "Hakusingiziwa. Aliwataja."

"Umejuaje? Kitabu chenyewe umesema..."

"Alikuwa baba yangu."

Mtu mmoja alianza kucheka akidhani ni mzaha, akajikatiza. Spika aliushusha mkono ambao alikuwa ameusahau hewani. Dakta alijiondoa ukutani.

"Shangazi," alisema taratibu, na hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Si lazima uendelee. Alama zako ziko palepale."

"Acha niendelee, Dakta. Nimempata mwaka wake mmoja tu. Ana mingine." Aliziweka karatasi mezani kwa sababu kilichobaki hakikuandikwa humo. "Hapa kitabuni anakufa kabla ya juma kuisha. Wiki iliyopita sote tulikubaliana kwamba hiyo ndiyo adhabu yake, na mimi niliandika hivyo hivyo. Lakini hakufa. Aliamka kesho yake akaenda kazini. Akaenda na kesho kutwa. Kampuni haikumpandisha cheo wala nini, walimrudisha palepale kwenye kufunga marobota, na kiwanda kilipokuja kufungwa nilikuwa nimeshavunja ungo."

Aliinyoosha mikono mbele yake kana kwamba robota liko pale mezani.

"Robota la pamba halifungwi na mtu mmoja. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, mashine inakandamiza, huyu anapitisha mkanda wa chuma chini, yule anaudaka na kuurudisha juu. Ukichelewa kuudaka unamkata mwenzako vidole. Basi mtu aliyesimama upande wa pili wa baba yangu alikuwa na kaka, na huyo kaka, mama ameniambia jana usiku, ni mmoja wa wawili aliowataja baba wakachukuliwa wasirudi. Walifunga marobota pamoja miaka yote ile. Nilikuwa nampelekea baba chakula cha mchana, nakaa juu ya gunia nawatazama. Mkanda ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, hakuna aliyewahi kukatwa hata ukucha. Na hawakusemeshana neno moja. Mwenzake hakumtazama hata usoni, alitazama mkanda."

Mlangoni wanafunzi wa kipindi kilichofuata walikuwa wameanza kuchungulia. Hakuna aliyewaambia waingie, hakuna aliyeinuka.

"Nilikuwa mtoto," alisema Shangazi. "Nilidhani ni marafiki sana, mpaka hawahitaji kuongea. Niliwaonea wivu."